Fundi Risasi na Boti ya Pili ya Nasiri

Jana asubuhi upepo wa Makambako ulikuwa unachapa masikio, lakini kijiwe cha kahawa cha Safina kilijaa kabla birika halijachemka. Habari ilikuwa imeingia kwenye simu ya Hamis, dereva wa fuso, mtu ambaye akipata aibu ya mwenzake hanywi hata chai mpaka aisambaze.

"Oya, tulieni! Boti ya kwanza ya tajiri Nasiri juzi imezima taa na pampu ya kutoa maji, katikati ya Ziwa Nyasa! Abiria wamekomba maji kwa masufuria yao wenyewe mpaka Lupingu. Mama mmoja kamwaga maji pamoja na dagaa wake!"

"Kuna aliyekufa?" Safina akauliza, birika likiwa hewani.

"Kule hakuna. Hapa ndiyo yupo anayetaka kufa," Hamis akajibu, macho kwa Hilario.

Sote tukageuka. Hilario ni fundi umeme wetu. Tunamwita Risasi kwa sababu hajawahi kuona ncha ya waya akaiacha bila kuiyeyushia risasi ya kulehemu. Umeme wa boti ile alifunga yeye. Na boti ya pili, aliyoimaliza wiki iliyopita, ilikuwa ng'ambo ya barabara juu ya fuso la Hamis, inasubiri safari ya ziwani.

"Hayo ni mapepo ya ziwa," Risasi akasema. "Kazi yangu ilikuwa inang'aa."

"Hata jeneza linang'aa!" Hamis akarusha.

"Wivu tu. Nimefunga umeme nyumba kumi na saba kule mtaa wa Ramadhani, Njombe. Ipi imezima?"

"Na ipi imewahi kupigwa na wimbi, kaka?" Safina akauliza.

Hamis hakungoja. Akabonyeza simu, ikatoka sauti ya mzee Severini, fundi wa boti wa Lupingu: "Kamwene, habari zenu. Mwambieni fundi wenu, waya wa nyuzi nyuzi hauloweshwi risasi halafu ukabanwa na skrubu. Risasi laini ile, inabonyea kidogo kidogo, skrubu inalegea. Na pale risasi inapoishia, boti ikitikisika nyuzi zinakatika. Avalishe lagi, kile kikofia cha shaba, akibane kwa koleo lake, ndipo afunge skrubu. Nimefungua kisanduku cha umeme, waya umenijia mkononi kama jino la mtoto."

Kijiwe kikalipuka kwa kicheko. Nami nilicheka, ila si kwa sauti. Mimi ndiye niliyempeleka Risasi kwa Nasiri, tena nikamsifia.

"Lagi ni za watu wasiojua kuyeyusha!" Risasi akafoka.

"Basi twende tukaone," ikasema sauti nyuma yetu. Nasiri mwenyewe, kanzu chini, koti la baridi juu, mfuko mkononi.

Tukavuka barabara kundi zima, Safina na birika lake. Nasiri akapanda botini, akafungua kisanduku, akavuta waya wa kwanza. Ukashika. Risasi akatutazama kwa dharau. Wa pili nao ukashika. Wa tatu Nasiri aliushika kwa vidole viwili tu, ukachomoka.

Risasi akanywea. Nilimwonea huruma, kusema kweli.

"Tajiri, nimekosa," akasema. "Na Jumamosi mama mkwe wangu anapanda boti hii, anakwenda kwenye kipaimara cha mjukuu."

"Kumbe ulikuwa na mpango!" Hamis akadakia, akashika mbavu.

Nasiri hakucheka. Akamtupia Risasi mfuko. "Lagi hizo, na koleo lake. Panda humo humo. Njia nzima unakata kila ncha uliyoiloweka risasi, unaunga upya. Tukifika, abiria wa kwanza ni wewe, kabla ya mama mkwe."

"Tajiri, sijui kuogelea!"

"Wallahi, ndiyo maana utafunga vizuri."

Risasi akapanda kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Hamis akarukia usukani, akawasha injini, akatoa kichwa dirishani.

"Kaa mkao, Risasi! Milima ya Ludewa ina ukungu leo, lakini usiogope. Taa zangu mpya zinamulika mpaka Malawi!"

Kule juu ya boti, Risasi akachungulia, koleo mkononi.

"Hamis. Hizo taa si nilikufungia mimi mwezi uliopita? Mwenyewe ulisema zinang'aa."

Injini ikazimwa. Hamis akashuka taratibu, kicheko kimemkauka mdomoni, akaenda mbele kuzitazama taa zake bila kuzigusa.

"Mkuki kwa nguruwe, kaka Hamis," Safina akasema, akimmiminia kahawa.

Hamis hakuipokea. Akamgeukia Nasiri, sauti ya chini kabisa:

"Tajiri, hizo lagi zitabaki?"