Feni ya Jikoni Kwenye Ndege ya Zuhura

Sasa Mudi, nani amekudanganya kwamba kelele ya ndege haijulikani mpaka ndege iruke? Juzi ulibisha hapahapa kwenye grupu, watu wakakupigia makofi. Zuhura anaijua kabla bati halijakatwa! Anaichora ndege kwenye kompyuta, anaipulizia upepo humohumo kwenye kompyuta, inamtolea mlio wake. Bawa likipiga kelele analibadilisha umbo, anapuliza tena.

Ila leo nimeaibika. Mchana kweupe.

Zuhura ni shoga yangu wa Tanga, anasomea uhandisi wa ndege hapa Guangzhou kwa udhamini. Leo alikuwa anasimama mbele ya maprofesa watatu. Wakikubali, bawa lake linakwenda kupimwa kwa upepo wa kweli. Wakikataa, udhamini umekwisha, anarudi Tanga na begi.

Kompyuta yake ilikuwa inazimika kwa hizo hesabu za upepo. Nikamuundia nyingine. (Sijasomea popote. Nimejifunza kwa kufungua na kuharibu, ofisini kwa shangazi pale jengo la Tianxiu, katikati ya maboksi ya mizigo ya Dar.) Ikawa inachemka kama chungu. Nikachukua feni kwenye sampuli za shangazi, ile ya ukutani ya kutoa moshi jikoni, nikaifunga ubavuni. Joto likizidi inawaka yenyewe. Fundi mimi!

Chumbani kwangu haikutusumbua. Dirisha linatazamana na barabara ya juu, malori yanapita utadhani yanaingia kulala humo ndani. Na Zuhura akisikiliza milio yake anavaa hedifoni.

Basi asubuhi tukaingia na kompyuta ndani ya mfuko wa marobota. Zuhura akapiga mlio wa kwanza, bawa la zamani. Spika zikanguruma. Maprofesa wakaandika. Kisha akawaonyesha hesabu zikienda palepale, upepo unavyopita kwenye bawa jipya, rangi tupu kwenye skrini. Dakika kumi hivi. Ndipo akapiga mlio wa pili, bawa lake jipya.

VUUUUUU!

Profesa mkuu, mama mmoja mfupi, akavua miwani. "Hili jipya ndilo lenye kelele zaidi."

Zuhura akaitazama skrini. Mimi je? (Nilikuja kubeba mfuko tu.) Nikasimama.

"Laoban!" nikasema. Ndivyo tunavyowaita wenye maduka, na Kichina changu chote ni cha kugombania bei ya nguo soko la Shisanhang. "Laoban, hapana! Sikiliza vizuri! Hiyo ya pili ni ndogo! Ndogo sana!"

"Tatu, kaa chini," Zuhura ananong'ona.

"Sikai! Miezi yote hiyo hulali, leo wanakuambia nini?" Nikamgeukia yule mama. "Laoban, masikio yako yana nini?"

Vuuuuu, bado inaendelea.

Mama wa watu hakukasirika. Akanyoosha mkono, akazima spika.

Vuuuuuu.

Akanitazama. Akainama, akasogeza sikio kwenye ubavu wa kompyuta yangu. Nywele zikampeperuka.

"Na ndege hii," akauliza, "nani kaiunda?"

Jamani! Wale maprofesa wengine walicheka mpaka mmoja akaegemea ubao. Nilitaka kuingia kwenye mfuko wa marobota nijifungie zipu.

Zuhura angeweza kunikana. Akasema, "Ameiunda dada yangu."

Nikachomoa waya wa feni. "Piga haraka kabla haijachemka!" Akawasha spika, akapiga mlio wa lile bawa jipya. Pshhh... kama mtu anakunjua kanga. Yule mama akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. Kisha kompyuta ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, skrini ikawa nyeusi.

Amepita! Bawa linakwenda kupimwa! Ila kwenye karatasi ya marekebisho, namba moja, juu ya yote: apunguze kelele ya kompyuta.

Na shangazi ameshaanza kuulizia feni yake.

Mudi, najua unaandika jibu. Usithubutu kucheka. Wewe unayekoroma mpaka ghorofa ya juu tunakusikia, mkeo angepigiwa hesabu ya mkoromo huo mapema, angekubali posa yako?