Sauti ya Shemeji Angani

Jumatatu, 4 Machi

Nafasi ya kepteni imetangazwa. Moja tu. Wanaoitaka ni marubani wasaidizi wawili: mimi, na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Marubani wamejaa dunia nzima, lakini mimi nimepangiwa kushindana na mtu ninayekula naye meza moja kila Jumapili.

Wiki iliyopita taa ya kuonyesha kwamba magurudumu yameshuka ilimgomea angani. Akazungumza na mnara wa kuongozea ndege kwa utulivu, akatua salama. Sasa waongoza ndege hawana wimbo mwingine. Eti sauti yake ni kama ya mtu anayeagiza chai. Mkuu wa marubani kaisifu mbele ya watu. Mama mkwe kaomba asimuliwe tena, nami nimekaa hapo hapo na kikombe changu. Nimeona wivu. Sana. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuusema.

Dawa nimeipata. Hawatafuti rubani, wanatafuta sauti. Basi nitaitengeneza.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi bafuni. Nimeliripotia bomba la maji kwamba injini inawaka moto, taratibu, kwa sauti nzito. Mke wangu akagonga mlango akauliza naongea na nani. Nikamjibu kwa sauti ile ile kwamba kila kitu kiko sawa. Akauliza kama koo linaniuma.

Mchana nikapeleka keki mnarani, ili nami wanizoee. Mlinzi hakuniruhusu kupanda, akaahidi kuifikisha. Kaifikisha kweli. Jioni shemeji akanipigia simu anacheka: waongoza ndege wamemshukuru kwa keki, naye hajui ilikotoka. Kumbe mlinzi aliwaambia imeletwa na rubani, nao wakajua wenyewe rubani gani. Keki yangu! Sikula chakula cha usiku.

Jumatano, 6 Machi

Hatimaye, hitilafu!

Nimeruka na kepteni mmoja mama asiyecheka. Utaratibu wetu ni huu: mmoja anashika ndege, mwingine anashika redio na kitabu cha hatua za dharura. Ndege alishika yeye. Tukikaribia nyumbani jenereta ikafa, skrini za upande wake zikazimika. Mawingu kila upande. Akawa anaruka kwa kuchungulia skrini zangu. Kunikabidhi ndege hakutaka. Nimeliweka moyoni. Akaniagiza niuambie mnara kwamba umeme unatuishia na tunataka kutua kabla ya wengine, kisha nimsomee kitabu.

Nikavuta pumzi. Nikaitoa ile sauti. Nikasema tuna jambo dogo la umeme, wasiwe na wasiwasi. Ilitoka tamu hadi nikatamani mama mkwe angekuwepo.

Mwongoza ndege akashukuru, akasema tuzunguke hapo hapo, mbele yetu kuna foleni. Kepteni akauliza foleni ya nini. Nikamwambia nalishughulikia. Mnara ukauliza idadi ya abiria. Nikajibu kwa madaha. Ukauliza mafuta. Nikajibu. Kepteni akaomba hatua ya kwanza, mimi bado namweleza mwongoza ndege mawingu yalivyo. Kitabu kikaniponyoka, kikaingia chini ya kiti. Kengele ya betri ikalia, mnara ukauliza swali jingine. Mikono miwili, mdomo mmoja, jasho hadi kwenye soksi.

Ndipo nikamsikia shemeji redioni. Alikuwa mbele yetu kwenye foleni. Akauambia mnara kwamba, kwa kengele anayoisikia nyuma ya sauti yangu, hawa walio nyuma yake wana shida kubwa kuliko wanavyosema, yuko tayari kuwapisha.

Kunipisha mimi! Nyongo ikanipanda. Nikabonyeza kitufe nikasema tunashukuru, hatuna haraka, atangulie yeye.

Kepteni akageuka akanitazama. Kisha akabonyeza redio yake, akatangaza dharura, akasema tunatua sasa hivi. Mnara ukaiondoa foleni yote mara moja. Tulitua na skrini yangu moja tu, nayo inafifia. Abiria wakapiga makofi, hawajui walichoepuka. Mimi nilijua.

Ijumaa, 8 Machi

Kikao kwa mkuu wa marubani. Wakatuwekea rekodi ya redio tusikilize. Mwongoza ndege akaulizwa kwa nini alituweka foleni. Akasema kwa sauti ile alidhani ni taa ya chooni imeungua. Mkuu akasema mnara hauoni ndani ya ndege, unajua tu kile unachoambiwa. Akaniuliza ni nani aliyekuwa hana haraka.

Shemeji akanitetea bila kuombwa. Akasema kazi zilinizidi, yeyote angebabaika. Hata huruma anayo nyingi kuliko mimi! Nikamwonea wivu hapo hapo kitini.

Uamuzi: siruki mpaka nirudie mafunzo ya mawasiliano. Nafasi amepewa shemeji. Na mwalimu wa mafunzo hayo ni kepteni mpya.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe kamfanyia shemeji sherehe. Nilijitolea kukaa jikoni kuangalia sufuria ya mafuta, nisisikie hotuba. Nikaisikia. Nikafungua mlango kidogo nione ni nani na nani wanamshangilia. Mke wangu alikuwa wa kwanza. Nilichungulia kwa muda mrefu kidogo.

Nilipogeuka mafuta yameshika moto, na moto umepanda pazia. Mama mkwe akauliza kutoka sebuleni mbona kuna harufu. Nikavuta pumzi. Nikajibu kwamba kuna jambo dogo jikoni, hotuba iendelee. Ikaendelea. Pazia la pili likashika.

Shemeji ndiye aliyeona moshi. Akapiga yowe, akaingia na blanketi lililolowa maji, akauzima moto. Mama mkwe akamkumbatia tena.

Sasa mke wangu ananipaka dawa mahali palipokuwa na nyusi. Ameniuliza kwa nini sikuita watu. Mimi nilikuwa nafikiri jambo jingine. Shemeji alipiga yowe. Kepteni mzima! Mimi nilikuwa karibu na moto kuliko yeye, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Mashahidi wamejaa sebule nzima. Kesho asubuhi nampigia simu mkuu wa marubani.