Kambare wa Paroko

Jumatatu, 10 Juni
Kikao cha kamati ya mapokezi ya paroko mpya. Mama Priscila, mwenyekiti, akauliza nani ataleta samaki wa Jumapili. Watu wote wakamgeukia Idefonsi, kaka wa mke wangu. Miaka yote ni yeye. Nikasimama kabla hajafungua mdomo. Nikasema nitaleta mimi, kambare, tena mkubwa. Imeandikwa kwenye muhtasari. Sijawahi kuvua kambare. Nimekuwa karani wa ushirika miaka ishirini na sita, na hakuna kazi niliyoshindwa kujifunza.

Mchana nikaenda Biharamulo mjini, dukani kwa Makame. Nimenunua samaki wawili wa bandia, wa rangi ya fedha, wenye ndoana tumboni. Makame akaanza kunieleza kwamba wanazama polepole, na kwamba kazi yote iko kwenye kujua wamefika kina gani. Nikamwambia afunge tu kwenye gazeti.

Jumanne, 11 Juni
Ziwani saa moja asubuhi, mtumbwi wa kuazima. Upepo ulinisukuma vizuri, sikupiga kasia hata mara moja. Mshipi wa kuvulia nyuma, mimi mbele nimekaa kama mkuu wa wilaya. Baada ya saa nzima nikageuka. Samaki wangu alikuwa anateleza juu ya maji kama bata mtoto. Korongo mmoja alikuwa anamfuata.

Idefonsi alikuwa ng'ambo. Amefunga gunia nyuma ya mtumbwi, linaburuzwa majini, mtumbwi unatambaa. Nilicheka sana. Nilidhani amesahau kushusha viazi vyake. Alipata kambare wawili.

Jumatano, 12 Juni
Tatizo nimeligundua: samaki wangu ni mwepesi. Nimemfungia nati tatu za baiskeli. Akazama kama jiwe. Mara mshipi ukakaza. Nikavuta, akavuta. Nikamwita Hakizimana, aliyekuwa anatega nyavu karibu, aje awe shahidi. Akaja na wenzake wawili. Tulivuta karibu dakika arobaini. Hakizimana akasema kwa upole kwamba hajawahi kuona samaki asiyesogea. Kilikuwa kisiki. Mshipi ukakatika. Nati zilikuwa za baiskeli ya Koleta, mke wangu. Bado hajajua.

Alhamisi, 13 Juni
Nimejificha kwenye matete kumchunguza Idefonsi. Siri nimeipata. Kila akirusha, anatulia, midomo inacheza, ndipo anavuta. Anasali! Nilipomuuliza Koleta kaka yake husali sala gani, alisema kanisani kaka yake husinzia tangu somo la kwanza.

Hata hivyo nilijaribu. Nikarusha, nikasali Salamu Maria yote, bila haraka, kisha nikavuta. Nimepata majani. Nikasali mara mbili. Majani mengi zaidi, na matope. Koleta ameuliza baiskeli yake ina nini.

Ijumaa, 14 Juni
Mama Priscila amepita nyumbani kuuliza kama aandae sufuria kubwa au ya kawaida. Nikasema kubwa. Alipoondoka nilikaa uani muda mrefu. Nilimwona akilini paroko mpya mbele ya sahani ya maharage, na jina langu kwenye muhtasari.

Jioni nikaenda kwa Idefonsi. Ilinichukua muda kufika kwenye jambo lenyewe, tukazungumza kwanza juu ya migomba. Mwishowe nikamuuliza anasema nini akisharusha.

Akanitazama. "Nahesabu, shemeji. Moja mpaka sita. Chini kuna majani, kambare wanapita juu yake. Ukivuta mapema uko juu mno. Ukichelewa umevua majani."

Na gunia? Akasema mtumbwi ukikimbia unamvuta samaki wa bandia kwenda juu, kwa hiyo gunia linaupunguza mwendo. Kisha akaniambia nije alfajiri, twende wote. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumamosi, 15 Juni
Tulienda. Gunia nyuma. Nikarusha, nikahesabu sita, nikavuta taratibu. Mara ya nne mshipi ukakaza, na safari hii kisiki kilikimbia. Nilisimama. Ni kosa kusimama kwenye mtumbwi. Idefonsi alinishika mkanda wa suruali kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaendelea kupiga kasia. Kambare akaingia, mrefu kama mguu wangu. Nilimshikilia mpaka nchi kavu. Idefonsi alimtoa ndoana, akamfunga kwenye majani ya mgomba, akanipa nimbebe mimi.

Jumapili, 16 Juni
Sherehe imefana. Sufuria kubwa imetosha. Paroko ameongeza mara mbili, kisha akauliza nani amemvua. Nikainuka. Nikaeleza kwa ufupi, kama dakika ishirini, njia yangu ya kupima kina kwa hesabu, niliyoibuni baada ya utafiti wa wiki nzima. Idefonsi alikuwa meza ya pili, anakula kichwa. Aliitikia kwa kichwa pale nilipotaja gunia langu. Koleta alitoka nje.

Paroko ameniomba samaki wa sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia pia. Nimekubali. Kesho nakwenda peke yangu, sihitaji mtu wa kunichelewesha, wala gunia. Nitahesabu mpaka kumi na mbili. Ikiwa sita imeleta kambare mmoja, hesabu hiyo haihitaji elimu kubwa.