Kitambi Changu na Protini za Shemeji

Jumatatu, 6 Novemba

Kliniki. Sukari imepanda tena. Daktari Vukica anasema kitambi changu hakikai bure: mafuta yake hutoa protini zinazosafiri kwenye damu na kuuamrisha mwili. Nami nilidhani ni akiba tu! Moja, leptini, huuambia ubongo tumeshiba. Yangu imepiga kelele mno, ubongo umezoea, hausikii. Nyingine, adiponektini, huisaidia insulini kuifungulia sukari milango ya seli, lakini mtu akinenepa hupungua. Basi insulini inabisha hodi, seli hazifungui, sukari inarandaranda kwenye damu. Tusipoangalia, kasema, macho na miguu vitaharibika. Nikacheka. Mke wangu Desanka hakucheka. Njia nzima alinishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara.

Jumanne, 7 Novemba

Balaa! Shemeji Bogoljub, kaka yake Desanka, naye kapimwa. Adiponektini yake imeipita yangu mbali! Kanipigia simu kunipa pole. Kwa upole kabisa. Dharau gani inayozidi hiyo? Desanka anasema kaka yake amekonda tangu mkewe Ljubinka afariki; hapiki, hali. Visingizio. Mji mzima wa Sombor utajua nimeshindwa na mtu mwenye miguu ya korongo.

Nimepata mpango. Yangu haitapanda upesi. Nitaishusha yake.

Ijumaa, 10 Novemba

Desanka kaenda kwaya. Nimeoka pai ya jibini, siagi bila huruma. Nimeipeleka kwa miguu, kando ya mfereji, maana gari likitoka Desanka atauliza maswali. Upepo usoni, jasho mgongoni. Bogoljub kafungua mlango akiwa amevaa koti, ndani ya nyumba yake mwenyewe! Nikasema nimepika nyingi, itaharibika. Akaipokea kwa mikono miwili. Njiani nilikuwa nimeonja pembe moja tu. Mbili.

Jumapili, 12 Novemba

Leo kabichi lililoviringishiwa nyama. Kala lote mbele yangu. Ushindi! Ila kasisitiza kunisindikiza hadi nyumbani, eti giza linaingia mapema. Huyu mtu anatembea polepole na kusimulia. Kumbe Ljubinka alikuwa akiwaimbia bata wa mfereji. Sikujua. Tumesimama kuwatazama bata. Baridi kali. Sikumharakisha.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimemkuta ameandaa meza. Sahani mbili, kitambaa alichodarizi marehemu. Sufuria yangu ilipofunguliwa, akaanza kulia.

“Shemeji,” kasema, “tangu Ljubinka aondoke, wewe ndiye wa kwanza kubisha mlango huu na chakula cha moto.”

Nikamwambia ale, kinapoa. Mvuke uliniingia machoni. Mvuke, nimesema.

Nyumbani, Desanka ananisubiri. Ameona unga kwenye viatu vyangu, kaka yake naye kampigia simu. Nikatayarisha uongo mzuri. Kabla sijaufungua mdomo, kanibusu kwenye paji la uso. Eti hakujua kama nina moyo wa namna hii. Nami sikujua. Nimelipokea busu. Mtu hawezi kurudisha busu kwa sababu ya maelezo madogo.

Jumatano, 29 Novemba

Kliniki, sote watatu. Bogoljub kaongezeka uzito. Nikangoja daktari amkaripie. Kamsifu! Kasema adiponektini kuwa juu si kombe la ushindi. Mtu huyu alikuwa ananyauka kwa njaa na majonzi. Mpango wangu umemponya adui.

Halafu yangu: sukari imeshuka! Daktari anasema ni zile safari za mfereji. Misuli ikifanya kazi huivuta sukari, hata insulini ikidharauliwa. “Usiache kutembea na shemeji yako, mzee,” kasema, “na huo mdomo nao uupumzishe.” Kwenye korido Desanka kalia na kucheka kwa pamoja, katushika mimi huku, kaka yake kule.

Nimeelewa yote. Seli zangu sasa zinafungua. Basi ni wakati wa kuzipelekea wageni. Jumamosi jirani Živan anachinja nguruwe na kukaanga mafuta yake uani. Nimemtuma Bogoljub atuwekee nafasi karibu na sufuria. Tutaenda kwa gari, tusije tukachoka kabla ya kula.