Picha ya Fundi Baada ya Video

Jumatatu, 3 Machi
Nina miaka sabini na nane. Nimezika cherehani tatu na wenye nyumba wawili. Kuandika najua kidogo, kushona nawashinda wote! Alhamisi mwalimu wa kwaya anachagua fundi wa majoho arobaini. Nikiyakosa, nafunga duka moja kwa moja. Mke wa mwanangu ameniweka mtandaoni, video nikishona kola. Tamu! Lakini video yangu ikiisha tu, kioo cha simu kinajaa video ya Bwana Pasi, fundi wa ng'ambo ya barabara. Tunamwita hivyo maana anapiga pasi kuliko anavyoshona. Jasho langu, uso wake! Mwizi.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimepata. Video ikiisha, itokee picha yangu, ibaki hapo hapo. Mkwe kasema inawezekana. Nimechagua ile ya suti. Fremu nyeusi, ina heshima. Chini uandikwe mwaka nilioanza ufundi mpaka leo: 1966 – 2025. Mkwe akauliza, baba, una hakika? Nikamwambia asinifundishe kazi.

Jumatano, 5 Machi
Inatokea! Nimeitazama mara thelathini. Bwana Pasi haonekani hata ukope. Nimefunga duka mapema nikanyolewe, kwaya inikute nang'aa.

Alhamisi, 6 Machi
Kufika dukani, umati! Kwaya nzima mlangoni, inaimba polepole. Nikajua wananipokea. Nikaitikia kwa sauti ya besi. Mama mmoja akapiga ukelele, akaangusha kiatu. Kumbe waliona picha, wakaona duka limefungwa, wakanihesabu marehemu! Bwana Pasi kamasi zinamtoka, anawaambia hajazaliwa mtu wa kushona kola kama mimi. Nikamwomba arudie kwa sauti. Akageuka, akaniita mzee asiye na haya, akanikumbatia. Mwalimu wa kwaya akaketi, akanywa maji, akasema kama mshindani mwenyewe ameshuhudia, basi majoho ni yangu. Arobaini!

Ijumaa, 7 Machi
Mkwe ananisihi aiondoe ile picha. Thubutu! Si ndiyo iliyoleta majoho? Nimemwagiza aikuze, pembeni aweke maua. Na mshumaa. Anayebisha kwamba fundi ni mimi, amuulize Bwana Pasi. Yuko hapa dukani kwangu, anapiga pasi joho la kwanza, macho bado mekundu.