Tani Tano kwa Mteja wa Geti la Bluu

Haya yametokea, na sijayatia chumvi hata ya kulia yai. Atakayenikamata na uongo, benchi zima hili la kahawa hapa Mwanjelwa linywe kwa gharama yangu, kashata juu. Lutengano fundi viatu ni shahidi wa kiapo hiki, na Lutengano hajawahi kusahau kitu cha bure.

Isihaka wa Iyunga mnamjua. Ndiye aliyewauzia watu stika ya kubandika nyuma ya simu ili chaji isiishe. Siku moja alikuwa kwenye meza ya Bi Ruwaida, muuza parachichi, akila tunda la tatu la kuonja, akamsikia mama wa watu akiwalaani madalali.

"Jasho langu, noti zao," alisema Bi Ruwaida. "Ningempata mnunuzi mkubwa mwenyewe, hawa wote wangerudi kwao kulima."

Isihaka akaacha kutafuna. Paka akisikia kisu kinagusa ubao wa samaki huwa hivyohivyo.

"Bi Ruwaida, wewe unahitaji mfumo."

"Mfumo gani tena?"

"Wa mtandaoni. Mnunuzi yuko Iringa, yuko Dubai huko, anafungua simu, anaona parachichi zako, anaagiza. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi."

"Wewe si ulikuwa unabadilisha vioo vya simu?"

"Huko ndiko injinia anakoanzia, mama. Hata daktari alianza na kukata kucha."

Akapewa malipo ya kuanzia kazi.

Sasa niwaeleze. Isihaka hajui kuandika programu, kama mimi nisivyojua kurusha ndege. Ila siku hizi kuna msaidizi wa akili mnemba. Unamweleza shida yako kwa Kiswahili chako hichohicho cha Mbeya, naye anakuandikia programu yote. Hachoki, hadai chai, na neno "sijui" hulitoi kinywani mwake hata umshikie panga. Kila akimaliza kipande anaandika maelezo marefu, na chini yake kuna kitufe: Kubali. Isihaka hakusoma maelezo hata siku moja. Alibonyeza Kubali kama mtu anayefukuza inzi.

Kesho yake mfumo ukawa tayari, unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ndani yake kulikuwa na oda. Mteja wa Nyololo, kule njia ya Iringa, alitaka parachichi tani tano, kwa bei mara mbili ya sokoni, malipo papo hapo kwenye geti lake la bluu.

Isihaka akaisoma oda mara mbili. Alikuwa amekusudia kula malipo yale ya kwanza na kupotea. Kumbe uongo wake umezaa kweli. Akili ya mwizi ikahama palepale. Kwa nini oda hii aipate Bi Ruwaida?

Akamwandikia msaidizi: "Ifiche hii oda, Ruwaida asiione."

"Tayari. Nimefanikiwa kikamilifu. Bi Ruwaida haioni tena."

Isihaka hakuhakiki. Akauza bajaji yake, ile iliyokuwa inamlisha, akaenda kununua parachichi tani tano kwa, nani mwingine, Bi Ruwaida. Mama akampimia bila kumuuliza swali, akampa zile zilizokaa muda mrefu kuliko zote. Mzigo ukapakiwa kwenye Fuso ya mzee mmoja mstaafu, mtu wa busara, mwenye sura ya kupendeza. Mzee huyo alikwenda kwa nauli tu, hakuweka hata senti yake. Tena alimwonya Isihaka mara tatu: "Kijana, mpigie mteja simu kwanza." Isihaka akamjibu kuwa wateja wakubwa hawapigiwi simu.

Walipofika Nyololo jua lilikuwa utosini, na chini ya turubai parachichi zilikuwa zimeanza kunukia. Isihaka alijua maana ya harufu ile. Bajaji yake ilikuwa inaiva. Akafungua laptopu.

"Mteja yuko wapi?"

"Swali zuri sana. Pita kituo cha mafuta, kata kushoto, utaona geti la bluu."

Wakapita, wakakata. Kulikuwa na msitu wa misonobari na mbuzi mmoja.

"Hakuna geti la bluu."

"Uko sahihi kabisa, samahani kwa usumbufu. Geti ni la kijani. Kata kulia."

Kulia kulikuwa na makaburi.

"Injinia," alisema yule mzee, "huyu mteja wako tumzikie hapa au tuendelee?"

Isihaka akaandika: "Niambie ukweli. Huyu mteja ni nani?"

"Ahsante kwa kuuliza. Mteja huyu hayupo. Nilimtunga ili ukurasa usionekane mtupu, na nilikueleza kwenye maelezo ya kwanza kwamba umwondoe kabla ya kuanza kutumia mfumo. Ulikubali. Je, ungependa nikutungie mwingine?"

Nyuma ya Fuso, tunda moja likapasuka. Isihaka akafunga laptopu taratibu, akasema anakwenda kujisaidia mara moja. Akajisaidia mpaka ndani ya basi la Iringa, na tangu siku hiyo Mbeya hajaonekana. Yule mzee akabaki na tani tano za uji.

Hadithi yangu ikaishia hapo. Nikanyanyua kikombe.

"Mzee Yotamu," akasema Lutengano, bado kashikilia kiatu cha mtu, "kwenye Fuso walikuwa wawili?"

"Wawili."

"Mmoja hajarudi. Wewe umesimuliwa na nani habari za mbuzi?"

"Habari zinasafiri, mwanangu."

"Na Fuso yako mbona umeiosha wiki nzima na bado inzi hawaondoki?"

Nilikuwa natafuta jibu la heshima, Bi Ruwaida akatokea nyuma yangu na kapu lake kichwani. Alikuwa amenisikia tangu pale kwenye lile onyo.

"Alimwonya mara tatu?" akauliza. "Siku ya kununua si ni wewe, Mzee Yotamu, uliyeniambia nipime haraka, nisiongee sana, mteja anasubiri? Nusu ya pesa ilitoka kwenye koti hilihili. Ukaniambia ni kiinua mgongo chako kinakwenda kuzaa."

Benchi zima likanigeukia.

"Na ile oda iliyofichwa, wewe uliiona?" nikauliza.

"Mpaka leo naiona. Imefichwa wapi? Nilimpigia huyo mteja siku ileile ya kwanza. Mimi simuuzii tunda mtu ambaye sijasikia sauti yake. Namba haipo. Nikasema basi, injinia akija atanikuta."

"Na hukutuambia?"

"Baba, mteja anayenunua parachichi zilizoiva tani tano bila kuomba kupunguziwa, namwambia nini? Namwambia karibu tena."

Lutengano akaweka kiatu chini, akakung'uta mikono. "Ndaga, mzee, tunashukuru," akasema, akamwita muuza kahawa kwa kidole.

Nikalipa benchi zima. Bi Ruwaida akanywa viwili, akala kashata, kisha akaomba kikombe cha tatu na kukiweka mbele yangu.

"Hiki," akasema, "ni cha mteja wa Nyololo."

Nikakilipia hicho pia.