Tofali la 10 001

Jumatatu, 10 Julai. Runingu.
Tanuri la muungano wetu limepoa. Mama Noella, mwenyekiti, ametangaza matofali mazima 10 000 kwa wanachama 73. Mgawaji nimechaguliwa mimi, Chadrack! Desturi inajulikana: tukishagawana sawasawa, kinachobaki ni cha mgawaji. Nakihitaji. Hata nikipata fungu langu, ukuta wa mbele wa jiko utapungukiwa na kama matofali sabini, na Jumapili shangazi wa mchumba wangu Inamahoro anakuja kukagua. Bila jiko hakuna harusi. Amesema hivyo mbele ya watu.

Jumanne, 11 Julai.
Nimeiwaza 10 000, nikaiogopa. Inagawanyika kwa mbili, nne, tano, nane, kumi, mia. Namba isiyo na msimamo! Itagawanyika hata kwa 73, nami nibaki napiga miayo. Dawa ni namba tasa, ile inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Nitaongeza tofali moja.

Jumatano, 12 Julai.
Nimeipima 10 001. Kwa mbili, hapana. Tatu, saba, kumi na moja, hapana. Nikaendelea na kila namba tasa hadi 71. Mkono ukauma, nikaacha. Iliyokataa mpaka hapo haitabadili tabia uzeeni. Inamahoro akashauri nijaribu tu kwa 73. Nikamwambia hesabu haitaki haraka.

Alhamisi, 13 Julai.
Tofali nimelipata. Nimeling'oa kwenye jiko langu mwenyewe, lina doa la chokaa. Jirani yangu Frédéric aliniona nikilipeleka tanurini, akauliza kulikoni. Nikasema natoa sadaka. Akacheka mpaka akakaa chini. Wivu!

Jumamosi, 15 Julai.
Tumegawa kwa mizunguko, kila mtu tofali moja moja. Ulipoanza mzunguko wa 137 niliomba uishie njiani. Haukuishia. Tofali la mwisho likamwangukia Frédéric, lenye doa la chokaa. Akapaza sauti: "Mama Noella, iko juste! Hakuna hata moja yenye imebakia!" Makofi. Mama Noella akasema hajapata kuona mgawaji mwenye moyo kama wangu. Inamahoro akahesabu kwenye simu, akanionyesha. Yale 10 000 yangeacha 72. Sabini na mbili! Niliumia. Bado naumia.

Jumapili, 16 Julai.
Shangazi amefika. Akaingia jikoni kupitia pasipo na ukuta, akasema mlango huu ni mpana mno. Harusi imesogezwa hadi tanuri lijalo. Inamahoro alilia, nikaona haya.

Kisha nikatulia nikafikiri. Kosa langu lilikuwa uchoyo. Tofali moja halitoshi kuharibu hesabu ya watu 73. Safari ijayo matofali yakiwa tena 10 000, naongeza 74: moja kwa kila mwanachama, asinung'unike mtu, na moja la kuharibu hesabu. Yatatoka kwenye ukuta wa nyuma.